Unga wa Mwende

Gurudumu la sanduku lilikatika katikati ya ngazi za stesheni ya Southall, Jumamosi mchana, saa ambayo nusu ya London ilikuwa imeamua kupita hapo hapo. Mbele ya Mwende walikuwa wanateremka akina mama wa Kipunjabi na mifuko ya bizari na vitambaa vya harusi. Nyuma yake vijana walikuwa wanasonya. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni la buluu lililombana kiuno, koti jeusi, na viatu vya kisigino alivyovijutia tangu asubuhi. Akalivuta sanduku, likagoma. Akalivuta tena, kisigino kikateleza, na angeanguka kifudifudi kama mkono wa mtu usingemdaka kiwiko.

"Taratibu, dada. Utavunjika shingo, sanduku libaki yatima."

Kiswahili! Tena si kile cha Nairobi cha kukimbizana, ni cha Dar, cha kutafunwa polepole. Mwende akageuka. Mwanamume mrefu, koti la kijivu linalogonga magoti, skafu nyekundu iliyofungwa kwa bidii ili ionekane imefungwa ovyo. Alinukia udi. Na Mwende, ambaye kwa miaka minne alikuwa ananusa dawa ya kusafishia vyoo na mashuka ya wazee wa watu, alijikuta anasogea karibu, na safari hii viatu havikuhusika.

"Asante, kaka. Lakini ni nzito hiyo, nakuambia."

Mwanamume akalinyanyua, akaguna. "Mh! Umeweka nini humu, maiti?"

Hapo ndipo mdomo ulipomponza. Angesema nguo. Angesema vitabu vya kanisa. Lakini mtu akikaa sana bila kuongea lugha yake na mwanamume mzuri, ulimi unawasha.

"Unga," alimnong'oneza, akicheka, pengo la meno ya juu likaonekana. "Na usinitaje, tafadhali. Wakinishika na hii biashara narudishwa Kenya hivi hivi."

Alisema kweli tupu. Mwende alikuwa mtunza wazee, na viza yake ilimruhusu kutunza wazee basi, si kufungua biashara yake mwenyewe. Alikuwa anauza unga wa uji kwa siri: wimbi, yaani ulezi, na mtama na muhogo, uliosagwa na mama yake mzazi kule Wote, Makueni, ukaletwa na wasafiri. Mzigo wa siku hiyo ulikuwa umeletwa na mama mmoja wa Kipunjabi wa pale Southall, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa ametoka kutembelea nyumbani. Ulibaki mwaka mmoja Mwende atimize muda wa kuomba makaratasi ya kudumu. Mwaka mmoja wa kunyamaza, awe huru maisha yake yote. Ndiyo maana alinong'ona.

Lakini huyu bwana aliyeshika sanduku, Muhiddin jina lake, alikuwa mtu wa Magomeni, na alikuwa na ugonjwa wa kichwani. Miaka mitatu alikuwa anaandika riwaya ya kimataifa ya wauza dawa za kulevya, Karachi, Dar, Rotterdam, London, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukutana na mtu hata mmoja aliyeigusa biashara yenyewe. Kila alichokijua alikitoa kwenye simu yake. Kwao Magomeni unga ni wa ugali, sawa. Ila unga ukiwa kwenye sanduku zito, na mwenyewe anaunong'ona huku anatazama nyuma, huo si wa ugali. Wenye kuuza huo wanaitwa wazungu wa unga, hata wawe weusi tii. Na huyu mmoja alikuwa amesimama mbele yake, amevaa gauni la buluu, anacheka. Muhiddin akalishika sanduku upya.

"Unaelekea wapi, bibie?"

"Abbey Wood, halafu basi mpaka Thamesmead."

"Na mimi Woolwich. Treni moja. Sikuachi na mzigo huu peke yako, haki ya nani."

Mwende akadhani amependwa. Na nani angedhani vingine? Njia nzima mwanamume alikuwa amelikumbatia sanduku lake kwa mikono miwili, kila polisi akipita analikumbatia zaidi.

* * *

Muhiddin alimpigia kesho yake, kwa namba aliyopewa kwenye treni, Mwende akiwa ameketi kwenye kituo cha basi na sare ya kazi, miguu inamwaka.

"Halo, Malkia."

"Malkia wa nini, na mimi nimetoka kumwogesha mzee akanitemea mate?"

"Malkia hata akiogesha wazee ni malkia. Nambie, ile kazi yako nyingine inaendaje?"

"Wacha bana! Hiyo si mambo ya simu."

Muhiddin akashusha sauti, "Umesema kweli. Samahani. Tuonane." Na Mwende akatabasamu pale kituoni mpaka basi likampita.

Wakaonana. Mkahawa wa Woolwich, meza ya dirishani, mvua inachuruzika kwenye kioo. Muhiddin alimwambia yeye ni mwandishi wa vitabu, na Mwende, ambaye hakusoma kitabu tangu shule ila Biblia, aliona fahari. Alimwambia kitabu kinahusu biashara ya kimataifa. Hakusema biashara gani, naye hakuuliza. Muhiddin ndiye aliyekuwa anauliza, tena anauliza akiwa ameegemea mbele, macho hayabanduki. Mume wa zamani wa Mwende, mtu wa Machakos, hakuwahi kumuuliza hata kama amekula.

"Mzigo unatoka kwa nani?"

"Kwa mum. Yeye ndiye husaga."

"Mama yako mzazi?"

"Kwani nina wangapi? Yeye na wamama wenzake wa kanisa. Wako group kubwa."

"Subhanallah," Muhiddin akanong'ona. "Na wateja?"

"Manesi, wengi sana. Akionja yangu mara moja, harudi tena kwa ile takataka ya dukani. Wakitoka shifti wamechoka, wanapata kidogo tu, wanasikia nguvu."

"Na hawaogopi?"

"Waogope nini? Wengine wanapatia hata watoto."

Kikombe cha Muhiddin kikagota kwenye kisahani. "Watoto?"

"Wa miezi sita! Wanalala fofofo, mama anapumzika. Mbona unanitazama hivyo?"

"Sijawahi kuona mwanamke kama wewe," alisema Muhiddin. Na hilo lilikuwa neno la kweli kabisa, maskini. Akamshika mkono juu ya meza, kiganja chake kimelowa jasho, na Mwende akafikiri ni haya ya mtu aliyependa.

Wiki zile Mwende alikuwa anatembea juu juu. Aliimba akisukuma viti vya magurudumu. Alinunua lipstiki ya rangi ya zambarau. Peris, nesi wa Kisii aliyekuwa anaishi naye Thamesmead, alimtazama akijipodoa mbele ya kioo cha bafuni akamwambia, "Mwende, huyo mtu anakupenda ama anakuhoji?"

"Wewe ni wivu tu."

"Ni wivu, sawa. Lakini mtu wa kutongoza huuliza unapenda kula nini. Huyu anauliza wasafiri wanapitia airport gani."

"Ni mtu wa akili, Peris. Anapenda biashara."

Peris akasonya, akaendelea kupiga mswaki.

* * *

Jumapili moja baada ya kanisa, Mwende akamkaribisha nyumbani. Alivaa kitenge cha njano cha mabega wazi, akapika kuku, akachemsha uji ule mzito wa kukaribishia mgeni wa heshima, akauacha jikoni umefunikwa. Muhiddin alifika na maua, anahema, maana lifti ya jengo ilikuwa imekufa. Alitazama sebule: kochi, televisheni, picha ya mama yake Mwende amevaa kofia ya kanisa. Aliitazama picha ile muda mrefu, kwa heshima ya ajabu.

"Mpenzi," akasema hatimaye, "nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, wewe?" Mwende akacheka, akavuta kitenge.

"Mzigo."

Basi akamwonyesha. Alikwenda chumbani akaburuta sanduku, akalifungua zulieni. Pakiti za nailoni, moja juu ya nyingine, nzuri, zimebanwa hewa yote ikatoka, kila moja kahawia. Muhiddin akapiga magoti.  Mwende akafungua pakiti moja ili anuse, naye Muhiddin, Mungu amsamehe, akachovya kidole. Akaonja. Akakipaka kwenye fizi, juu na chini. Halafu akafumba macho akangoja.

Alingoja sana.

"Ni wimbi," akasema.

"Na mtama na muhogo. Si nilikuambia mum husaga?"

"Unga wenyewe uko wapi?"

"Unga gani?"

"Mwende, usinifanye mtoto. Ule unga. Ule wa..." Akaonyesha pua yake.

Mwende alisimama pale, na maneno yote ya majuma yale yakamrudia moja moja, manesi, watoto, mum na group ya kanisa. Mwanzoni akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kwa maana ilikuwa inachekesha, tuseme ukweli. Alitegemea Muhiddin naye atacheka. Wangecheka pamoja wakala kuku.

Muhiddin hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti na kidole kahawia, na uso wake ulikuwa umesinyaa wote. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amesikitika, amepoteza kitu, na Mwende alikiona kitu chenyewe kinapotea machoni mwake akiwa amesimama hapo hapo na kitenge cha mabega wazi.

"Kwa hiyo wewe ni... unauza uji tu," alisema.

"Tu?"

"Hapana, sina maana..."

"Ulikuwa unapenda nani, Muhiddin? Majuma yote haya, ulikuwa unapenda nani?"

Akasimama, akajifuta kidole kwenye leso. Alisema maneno mengi, ya kazi, ya mkanganyiko, ya mchapishaji aliyekwisha kumwahidi. Kisha akachukua koti lake akaondoka. Kuku alibaki mzima mezani. Peris aliporudi alimkuta Mwende amekaa zulieni kati ya pakiti zake, lipstiki imemchafua mpaka kidevuni.

* * *

Hakupiga simu. Siku zikapita, zikawa wiki, na Mwende akaapa kwa Peris kwamba hata akimwona anaungua hatamtemea hata mate ya kuuzima moto. Kisha asubuhi moja ya baridi alitoka kazini akamkuta amesimama kituo cha basi, skafu nyekundu imelowa, midomo imekuwa ya kijivu.

"Nenda zako."

"Nisikilize dakika moja, halafu nipige, halafu niende."

"Nitaanza na kukupiga."

"Haki yako. Mwende, mimi ni mjinga. Nilitafuta simba nikapewa mke mwema, nikalia. Mwanamume mwenye akili analia kwa hilo?"

"Usiniletee maneno yako ya vitabu."

"Basi sina maneno. Nina njaa. Sijaunywa uji ule, na usiku silali nikiufikiria."

Akacheka. Mwende alijaribu kukizuia kicheko, kikamtoka. Na mwanamke akishacheka kituo cha basi saa mbili asubuhi, ametoka kazini, miguu imevimba, kesi imekwisha. Walipanda basi pamoja. Muhiddin alikunywa uji bakuli mbili, akalamba kijiko, akasema wallahi hajaonja kitu kama hicho.

Akahamia. Majira yote ya baridi alikaa kwenye meza ya jikoni ya Mwende anaandika, kompyuta mbele, kikombe cha uji ubavuni. Mwende akitoka kazini alimkuta amempikia maharage, amewasha hita, amempashia maji ya kuwekea miguu. Alikuwa anamkanda vidole kimoja kimoja akimwita Mama Wimbi. Na bado alikuwa anauliza: Mnafungaje pakiti? Nani anabeba? Mnaongea vipi kwenye simu? Mwende alimjibu yote, kwa kuwa sasa mambo yalikuwa wazi kati yao na hapakuwa na cha kuogopa.

Mwezi wa tatu akamvisha pete, hapo hapo jikoni, magoti kwenye vigae baridi.

"Nina pasi ya hapa," alimwambia. "Tukioana huna haja ya kunyamaza tena. Utafungua duka lako Thamesmead uandike jina juu ya mlango. Kitabu kikizinduliwa tu, wiki inayofuata tunakwenda kuandikisha ndoa."

Mwende alilia akampigia mama yake. Mama yake akapiga vigelegele, akataka kumwona mkwe kwenye simu, na Muhiddin akamwamkia "Shikamoo, mama" kwa adabu zote, akamuuliza anaendeleaje na mashine ya kusaga.

"Na kitabu nitasoma lini?" Mwende aliuliza.

"Siku ya uzinduzi. Nataka kikushtue."

* * *

Uzinduzi ulifanyika ukumbi wa kukodi karibu na stesheni ya Woolwich, Jumamosi alasiri, viti vyote vimejaa: Watanzania wa suti, Wakenya wa kanisani kwa Mwende, akina mama wa Kikongo wa Thamesmead na vilemba vilivyosimama. Mwende alikuwa ameshonesha gauni la kijani la satini, la mkia mrefu, la kukaa kiti cha mbele pembeni ya mchumba wake. Mlangoni Muhiddin akamshika bega, akamvuta kando.

"Mpenzi wangu, leo kaa nyuma na Peris. Usiseme sisi ni nani. Ni mambo ya biashara tu, nitakueleza nyumbani."

Akakaa nyuma. Akapewa kitabu. Kilikuwa kizito, jalada jeusi, sanduku jekundu katikati: *Mzigo wa Thamesmead*. Chini yake kwa herufi ndogo: *Mwandishi aliyejipenyeza ndani ya mtandao*. Watu wakiwa wanatafuta viti, Mwende akafungua popote.

*Mueni alicheka, pengo lake likaonekana. "Manesi wakionja mara moja hawarudi nyuma," alisema. "Hata watoto wa miezi sita tunawapa. Wanalala fofofo."*

Akarudia kusoma. Akafungua mbele. Mueni alikuwa Mkamba, mtunza wazee. Mueni alificha heroini ndani ya unga wa wimbi. Kiongozi wa genge lote alikuwa ajuza mmoja wa Wote, Makueni, mwenye kofia ya kanisa, na sala ilipokwisha yeye na wenzake walikuwa wanahesabu maiti.  Mwende alisikia sauti ya mama yake inapiga vigelegele kwenye simu. Akafungua tena, kwa nguvu, ukurasa ukachanika kidogo, pale inspekta wa riwaya anapojifanya mpenzi wa Mueni.

*Inspekta alimbusu akiwa amebana pumzi, maana Mueni alinuka wazee. Kulala na mwanamke wa namna ile kulihitaji moyo wa chuma.*

"Umesoma nini?" Peris akamuuliza.  Mwende alikuwa ananusa kiganja chake bila kujua.

Mbele, Suad, mtangazaji wa redio ya mtandaoni, binti wa Mombasa mwenye sauti tamu, akashika kipaza sauti. "Ustadh, riwaya hii imetutia hofu. Je, huyu Mueni yuko kweli?"

 Muhiddin alikuwa amependeza, suti aliyoshonesha Southall imemkaa. Alitazama ukumbi mzima, macho yakafika nyuma, yakampita Mwende, yakarudi mbele.

"Yuko," alisema.

Ukumbi ukaguna.

"Nimeishi naye. Nimekula chakula chake, nimelala kitanda chake majira yote ya baridi, huku nakusanya ushahidi. Mwandishi wa kweli hujitoa."

Makofi. Makofi mengi, jamani.

"Na yeye je, alikupenda?" Suad akauliza, mkono kifuani.

Muhiddin akatabasamu. "Wale hawapendi mtu, dada yangu. Nilichokipata pale ni utafiti tu."

Mwende akasimama. Peris akamdaka gauni. "Kaa chini! Mwende, kaa. Kuna watu wa kazini kwako hapa, kuna simu zinarekodi. Ukifungua mdomo umemaliza viza yako. Olewa kwanza, aki, olewa kwanza upate makaratasi, umuue baadaye."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Mwende aliujua uzuri wake. Akitulia, wiki ijayo ni mke wa mtu, ana makaratasi, ana duka. Akisema, hana kitu. Alisimama akalipima hilo, mkia wa gauni mkononi mwa Peris, na ukumbi ukaanza kugeuka kumtazama. Kisha akauvuta mkia wake.

"Mimi ndiye Mueni," alisema.

 Muhiddin akawa wa rangi ya majivu.

"Jina langu ni Mwende. Naishi Thamesmead na nauza unga. Hiyo ni kweli. Hata hapa ndani wateja wangu ni wengi." Akageuka kwa akina mama wa Kikongo. "Si mnaujua unga wangu?"

"Miye nakunywaka ule uji kila siku!" mmoja akapaza sauti, kilemba kikayumba. "Iko dawa?"

"Ni wimbi, mama. Na mtama, na muhogo. Ni mama yangu husaga. Huyu bwana alifikiri nauza ile ya pua. Alikuja nyumbani kwangu Jumapili, akapiga magoti, akachovya kidole kwa wimbi ya watoto, akajipaka kwa fizi." Akawaonyesha, juu na chini. "Halafu akafunga macho akangoja kichwa kizunguke."

Mtu mmoja alicheka. Kisha wawili. Kisha ukumbi mzima ukapasuka, watu wanapiga mapaja, watu wanalia, kila simu iko juu. Kutoka nyuma kijana wa Kikenya akapiga kelele, "Inspekta Uji!" na jina likashika hapo hapo. Suad aliziba mdomo kwa kipaza sauti, na kicheko chake kikatoka kwenye spika.

"Mwende, mpenzi, subiri tuongee," Muhiddin alisema, naye akasahau kwamba kipaza sauti chake pia kinafanya kazi. Mpenzi likasikika mpaka mlangoni. Wakacheka upya.

Mwende alitaka kumtupia pete. Vidole vilikuwa vimevimba kwa shifti za wiki ile, pete ikagoma, akavuta mpaka ngozi ikachubuka. Akaondoka nayo. Ni Peris aliyekuja kuitoa jioni kwa sabuni ya vyombo.

* * *

Video ilifika kazini kwake kabla yeye hajafika. Meneja alikuwa mpole, hata kiti alimpa. Alisema wameona, kwamba amekiri mwenyewe hadharani kuwa ana biashara, kwamba hawana njia ila kuondoa udhamini wa viza yake. Mwende alikwenda Croydon, ofisi ya uhamiaji, na wakili wa bei nafuu, akarudi na tarehe ya kuondoka. Ule mwaka mmoja uliobaki ukaishia hapo.

Kitabu nacho kilikufa. Kila kilipotajwa mtandaoni watu waliweka picha ya bakuli la uji. Mchapishaji akakiondoa kimya kimya. Muhiddin akitembea Woolwich watoto wa Kiswahili waliozaliwa hapa, wasiojua hata kuamkia vizuri, walikuwa wanajipaka kidole kwenye fizi akipita.

Alipiga simu adhuhuri ya siku ya safari. Mwende alikuwa amekaa juu ya sanduku ili lifunge. Aliliona jina, akaliacha liite, likaita tena, akapokea.

"Mwende."

"Sema."

"Umeniua."

"Ndiyo."

"Sijapiga kulaumu." Sauti ilikuwa imekwaruza. "Chumbani kwangu humu sina mtu. Nakaa mezani naandika jina lako, basi. Nasikia funguo mlangoni nadhani ni wewe umetoka kazini. Nilisema utafiti, ndiyo, nilikuja kituo kile cha basi kwa ajili ya kitabu, sikufichi. Lakini sasa hakuna kitabu, na bado nakutaka. Hiyo inaitwa nini?"

  Mwende alimpenda bado, mjinga huyu, muuaji huyu, alimpenda na vidole vyake vya kukanda miguu, na alijichukia kwa hilo.

"Usipande ndege," Muhiddin alisema. "Tuoane. Hata ukishaenda nitakufuata, nitakuandikia maombi upya, nitapiga magoti kwa mama yako. Nakupenda kweli sasa."

"Kweli?"

"Wallahi."

"Unalia?"

"Nalia, Mwende."

Alisikiliza. Ilikuwa kweli, analia, tena kwa sauti ya mtoto, bila maneno ya vitabu.

"Nimekuamini," akasema.

"Kwa hiyo hutaondoka? Mpenzi? Utaolewa na mimi?"

"Hapana. Nilitaka tu kujua kama itakuuma."

Akakata simu, akaifuta namba. Kisha akainama juu ya sanduku akalia, mpaka Peris alipokuja kumwambia teksi imefika chini.